Shajara ya Mradi: Maneno ya Kawaida au Vichwa vya Mada?

Wiki ya 1, Jumatatu

Leo nimekabidhiwa rasmi kazi ya kuandaa mkakati wa utafutaji kwa ajili ya mapitio ya kimfumo, yaani kukusanya na kupima tafiti zote zilizofanywa juu ya swali moja: je, mazoezi ya mwili yanapunguza kuanguka kwa wazee wa miaka 65 na zaidi wanaoishi majumbani mwao? Hifadhidata tulizokubaliana ni tatu za makala za tiba na uuguzi, PubMed, Embase na CINAHL, na kwa upande wa vitabu tutapitia katalogi ya maktaba. Katika kikao cha asubuhi mtafiti mkuu aliniuliza swali ambalo huulizwa na karibu kila anayeketi mbele ya meza yangu: "Mkutubi, tutafute kwa maneno ya kawaida au kwa vichwa vya mada?" Nilimjibu bila kusita kwamba tutatumia vichwa vya mada, kwa kuwa ndiyo njia ya kitaalamu. Ninaliandika jibu hilo hapa kwa makusudi, nipate kuliona tena kazi itakapokuwa imekwisha.

Kwa faida ya wasaidizi wawili watakaochuja makala, niliwaeleza tofauti ya njia hizo hivi. Anayetafuta kwa maneno ya kawaida anaiagiza mashine ilinganishe herufi alizoandika na herufi zilizomo katika kichwa cha makala, katika ikisiri, na wakati mwingine katika matini kamili. Mashine haijui maana ya neno, inalijua umbo lake tu. Anayetafuta kwa vichwa vya mada anategemea kazi iliyokwisha kufanywa na mwandalizi wa faharasa, ambaye aliitazama makala, akaamua inahusu nini, kisha akaipa istilahi kutoka katika orodha rasmi ambamo kila dhana ina jina moja lililoidhinishwa. Njia ya kwanza inauliza mwandishi aliandika nini. Ya pili inauliza msomaji wake wa kwanza alielewa nini.

Mtafiti mkuu amenipa makala 20 ambazo anazijua na ambazo, kwa maneno yake, "zisipotokea, basi wavu umetoboka". Nimeziita makala za kipimo. Kila mkakati nitakaouandika utapimwa kwa hizo kabla ya kitu kingine chochote.

Wiki ya 1, Jumanne

Msaidizi mmoja, kwa bidii yake, alianza kutafuta jana jioni bila kunisubiri. Alichukua shina la neno la Kiingereza la kuanguka, akaweka kinyota mwishoni ili apate minyambuliko yote, akaandika "fall*" katika PubMed. Mantiki yake haikuwa mbaya, maana kinyota huruhusu herufi zozote zifuate shina, na PubMed inakubali shina lenye herufi nne au zaidi. Tulipofungua matokeo pamoja, ukurasa wa kwanza ulikuwa na mirija ya uzazi, kwa sababu "fallopian" inaanza na herufi hizo hizo nne. Chini yake kulikuwa na watoto waliozaliwa na kasoro ya moyo iitwayo kwa jina la daktari Mfaransa Fallot. Wazee walioanguka walikuwemo pia, ila ilibidi kuwatafuta katikati ya umati.

Alitaka kuziondoa kwa kiunganishi cha kukataa, yaani NOT. Nilimzuia. Kwa mirija ya uzazi pengine kisingeleta madhara, lakini mkono ukishazoea NOT, kesho ataandika kwamba hataki makala za watoto, na hapo hapo atatupa kila utafiti uliohusisha watoto na wazee kwa pamoja. Kiunganishi hicho hakiondoi makala zinazohusu watoto peke yao. Kinaondoa kila makala iliyoguswa na neno hilo. Tumekubaliana kuandika maumbo tunayoyahitaji moja baada ya jingine: "fall", "falls", "falling", "fallen". Hata hivyo neno "falls" peke yake linabaki na tabia mbaya katika maandishi ya kitabibu. Shinikizo la damu hushuka kwa kitenzi hicho, matokeo ya vipimo huangukia ndani ya kiwango cha kawaida kwa kitenzi hicho hicho, na Wamarekani huita majira ya vuli "fall", kwa hiyo muhula wa chuo nao umeingia katika orodha yetu ya wazee.

Wiki ya 1, Alhamisi

Leo nimejenga mkakati wa vichwa vya mada peke yake, kwa PubMed. Orodha inayotumika humo ni MeSH, iliyoanzishwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani mwaka 1960, ambayo leo ina istilahi zaidi ya 30,000 na hurekebishwa kila mwaka. Imepangwa kama mti: istilahi pana iko juu, na chini yake yamo matawi ya istilahi finyu. Ukiuliza kwa istilahi pana bila kutoa maagizo mengine, PubMed hukuletea na matawi yake yote; ukitaka shina peke yake, lazima uliagize hivyo.

Kuanguka kunaitwa humo "Accidental Falls", na kuko chini ya tawi la ajali. Mzee anaitwa "Aged", maana yake mtu wa miaka 65 na zaidi, na chini yake wamo wa miaka 80 na zaidi pamoja na wazee dhaifu. Hadi hapo kazi ilikuwa laini. Mtego ulikuwa katika mazoezi, kwani nilidhani kwamba "Exercise" ingevuta kila kitu kinachohusu mazoezi. Haivuti. Mazoezi yanayotolewa kama tiba yana kichwa chake, "Exercise Therapy", ambacho hakiko chini ya kile cha kwanza bali katika tawi la mbali kabisa, pamoja na tiba na urekebishaji wa viungo. Asiyeupanda mti huo kwa macho yake, akaridhika na neno lililomjia kichwani, atapoteza nusu ya shamba bila kupewa onyo lolote.

Niliviunganisha vichwa hivyo, nikaendesha ulizo, kisha nikazisaka makala za kipimo. Zilipatikana 14 kati ya 20.

Nilirudia mara mbili nikidhani nimekosea tahajia. Sikuwa nimekosea.

Wiki ya 1, Ijumaa

Siku nzima nimekaa na makala sita zilizopotea, kila moja nikiifungua na kusoma rekodi yake hadi mstari wa mwisho. Nakiri kwamba katika miaka yangu ya kazi nimewahi kuhesabu zilizopatikana mara nyingi kuliko kuzikagua zilizopotea, na leo nimeona hasara yake.

Mbili hazikuwa na kichwa cha mada hata kimoja, kwa sababu zilikuwa zimetoka karibuni na bado zilikuwa na kile tu kilichotumwa na mchapishaji: jina la makala, waandishi, ikisiri. Tangu 2022 kazi ya kuzipa makala za MEDLINE vichwa vya MeSH inafanywa na programu, na watu wanapitia sehemu tu ya matokeo yake, kwa hiyo muda wa kungoja umepungua sana ukilinganisha na zamani. Lakini kati ya kuchapishwa na kupewa vichwa pengo bado lipo, na aliyemo ndani ya pengo haonekani kwa anayetafuta kwa mada.

Ya tatu ilitoka katika jarida lisilo sehemu ya MEDLINE. Watu wengi hutaja PubMed na MEDLINE kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali MEDLINE ni sehemu kubwa tu ya PubMed, na ndiyo inayopewa vichwa. Rekodi zilizobaki nje yake hazitapata MeSH leo wala mwakani. Makala hiyo ilikuwa na ikisiri nzuri yenye neno "falls" mara kadhaa, imekaa mahali ambapo utafutaji wa mada hauwezi kuifikia.

Ya nne na ya tano zilinifundisha zaidi. Zote mbili ni majaribio ya mazoezi ya taichi kwa wazee, na zote zimepewa kichwa cha taichi, ambacho katika MeSH huandikwa "Tai Ji" na kuwekwa miongoni mwa michezo ya kujihami na tiba za mwili na akili, pamoja na kichwa cha uthabiti wa mwili, "Postural Balance". Kichwa cha kuanguka hazina. Ukisoma ikisiri unaona sababu: waandishi walipima kwanza uwezo wa mtu kusimama bila kuyumba, na idadi ya walioanguka wakaitaja mwishoni kama matokeo ya pili. Mwandalizi wa faharasa hakukosea. Kanuni anayoifuata ni ya zamani sana, na mkutubi Mmarekani Charles Cutter alikwisha kuiandika mwaka 1876 katika kanuni zake za katalogi: kitu kiingizwe chini ya mada yake mahususi kuliko zote. Mada mahususi ya makala hizo ni uthabiti. Kuanguka, ambako kwetu ndiko swali lenyewe, kwake kulikuwa jambo la pembeni, na vichwa vya mada hugawiwa kwa kuitazama makala, si kwa kulitazama swali la mtu atakayeitafuta miaka kumi baadaye.

Ya sita ni barua fupi kwa mhariri yenye matokeo ya jaribio dogo. Haina ikisiri, jina lake linataja mafunzo ya uthabiti tu, na vichwa vyake ni mazoezi, uthabiti na uzee. Nimeiweka kando.

Wiki ya 2, Jumatatu

Leo nimefanya kinyume: maneno ya kawaida peke yake, katika jina la makala na ikisiri, bila kichwa chochote. Nilikusanya visawe vya dhana tatu na kuviunganisha, OR (lolote kati ya haya) ndani ya kila dhana na AND (yote kwa pamoja) kati ya dhana na dhana. Zimepatikana 15 kati ya 20, na tano zilizopotea, isipokuwa ile barua fupi, si zile zilizopotea wiki iliyopita.

Mbili zilikosekana kwa sababu ya uzee. Nilikuwa nimeandika "elderly", "older adults", "seniors" na "aged", nikajiona nimemaliza. Mwandishi mmoja alisema wanawake waliopita miaka 70; mwingine alisema wakazi wa kijiji cha wastaafu. Hakuna hata mmoja aliyetumia neno lenye maana ya mzee, kwa kuwa msomaji binadamu hahitaji kuambiwa kwamba mstaafu wa miaka 70 ni mzee. Mwandalizi wa faharasa aliuona umri huo akaweka "Aged" kwa zote mbili, kama anavyotakiwa kuweka kwa kila utafiti wenye washiriki wa rika hilo. Hapa kichwa cha mada kilifanya kazi ambayo kisawe chochote ambacho ningekibuni kisingeifanya.

Kichwa hicho kina upande wake wa pili, nao nauandika ili tusije tukashangaa baadaye. Kwa kuwa huwekwa hata pale wazee walipokuwa sehemu tu ya washiriki, "Aged" kitatuletea tafiti za watu wazima wa kila umri ambazo wazee wamo kwa bahati. Ni wavu mpana, na wasaidizi wajiandae kuchuja.

Ya tatu ilitumia neno "fallers", yaani walioanguka, umbo ambalo halikuwemo katika orodha yangu ya Jumanne. Hilo ni kosa langu na nimelisahihisha. Ya nne ilizungumzia kuteleza na kujikwaa, "slips" na "trips", ikalitaja anguko katika matini tu, ambayo PubMed haiisomi. Ya tano ni ile barua, ambayo sasa imezishinda njia zote mbili.

Nimeyaunganisha makundi mawili, la vichwa na la maneno, kwa OR, dhana kwa dhana. Makala 19 kati ya 20.

Wiki ya 2, Jumanne

Jambo dogo limenichekesha na kunisahihisha kwa wakati mmoja. Mtafiti mkuu alikuja akasema kwamba yeye huwa hashughuliki na vichwa vya mada, huandika "falls elderly" tu katika kisanduku na hupata makala nzuri. Nilimfungulia ukurasa wa utafutaji wa kina, mahali PubMed inapoonyesha jinsi ilivyolitafsiri ulizo la mtu, tukasoma pamoja. Yale maneno mawili yalikuwa yamegeuka kuwa ulizo refu la mistari kadhaa: "falls" limeunganishwa na kichwa "Accidental Falls", na "elderly" limeunganishwa na kichwa "Aged", mashine ikiwa imefanya hivyo yenyewe kwa kuwa maneno hayo yameorodheshwa kama visawe vya vichwa hivyo.

"Kumbe nimekuwa nikitumia MeSH miaka yote," alisema.

Ndivyo ilivyo, na ndipo ilipo hatari yake. Mara tu mtu anapoweka alama za kunukuu au kinyota, tafsiri hiyo ya kimyakimya huzimwa, na ulizo hubaki na herufi alizoandika. Anayejiona ameboresha utafutaji kwa kuweka alama za kunukuu anaweza kuwa amezifukuza makala zilizokuwa zikimjia kwa msaada asioujua. Tangu leo ukurasa huo wa tafsiri unasomwa na kunakiliwa katika faili la mradi kila tunapoendesha ulizo.

Wiki ya 2, Alhamisi

Embase na CINAHL. CINAHL haikunisumbua: kuanguka kunaitwa humo kama katika MeSH, alama ya kujumlisha hupanua kichwa kifuate matawi yake, na kiunganishi cha ukaribu kinaniwezesha kutaka maneno mawili yasipishane kwa zaidi ya maneno matatu.

Embase ina orodha yake, Emtree, yenye istilahi nyingi kuliko MeSH na tabia tofauti. Nilinakili ulizo la PubMed kama lilivyo, jambo ambalo huwa nawakataza wengine, na halikufanya kazi, kwa sababu jina lililoidhinishwa humo ni "falling". Dhana ni ile ile, ila kila nyumba imeipa jina lake, na ndiyo maana vichwa vya mada havihamishwi kutoka hifadhidata moja hadi nyingine bila kutafutwa upya ndani ya orodha ya mahali hapo. Maneno ya kawaida, kinyume chake, yalihama bila shida, nikabadilisha alama chache tu. Kwa mtu mwenye saa moja na hifadhidata tano, tofauti hiyo peke yake inaweza kuamua njia, na simlaumu.

Nimegundua pia kwamba muda nao una vichwa vyake. Tulipojadili kama tuongeze dhana ya udhaifu wa uzeeni, nikakuta kwamba kichwa "Frailty" kiliingia katika MeSH mwaka 2018 tu. Kabla ya hapo makala za namna hiyo zilikuwa zikiwekwa chini ya kichwa cha wazee dhaifu, "Frail Elderly". Anayetafuta kwa kichwa kipya peke yake anapata picha ya ajabu, kana kwamba dunia iligundua udhaifu wa wazee mwaka huo.

Wiki ya 3, Jumatatu

Katalogi ya vitabu. Hapa hesabu inabadilika, na niliichukulia kwa wepesi kuliko inavyostahili.

Rekodi ya kitabu ni fupi. Mara nyingi ina jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, na labda orodha ya sura. Ikisiri ni bahati. Neno la kawaida, kwa hiyo, lina mahali pachache pa kushika. Vichwa vinavyotumiwa na katalogi nyingi ni vile vya Maktaba ya Bunge la Marekani, orodha ambayo ilianza kutungwa mwaka 1898, na ndani yake mada yetu imeandikwa kwa ukamilifu wa kushangaza: kichwa kimoja kinachosema kuanguka, kwa maana ya ajali, katika uzee. Nilipokigusa kichwa hicho katika rekodi ya kitabu kimoja nilichokipata kwa kubahatisha, vilijitokeza vitabu ambavyo majina yao hayataji kuanguka wala uzee. Kimoja kinazungumzia kusimama imara, kingine usalama wa nyumbani.

Msaidizi alisema kwamba yeye amevipata viwili kati ya hivyo kwa maneno ya kawaida, bila kutumia kichwa chochote. Nikamwomba afungue rekodi zenyewe. Maneno yake yalikuwa yamekutwa ndani ya kichwa cha mada, kwani kisanduku cha kawaida cha katalogi hupekua pia sehemu ya vichwa. Tina Gross na Arlene Taylor walilichunguza jambo hili hili mwaka 2005, wakataka kujua ni rekodi ngapi zinazopatikana kwa maneno ya kawaida zingepotea kama vichwa vya mada visingekuwemo katika katalogi, na jibu lao lilikuwa zaidi ya theluthi moja, asilimia 35.9. Wako wanaosema kwamba vichwa vimepitwa na wakati kwa kuwa watu hawavitumii tena; takwimu hiyo inaonyesha kwamba wanavitumia bila kuvitaja.

Lalamiko langu juu ya vichwa hivyo ni kwamba huzeeka. Upishi ulibaki chini ya neno la kale, "Cookery", hadi 2010 ulipobadilishwa kuwa "Cooking", miaka mingi baada ya wasomaji kuacha kusema hivyo. Wazee nao walibadilishiwa jina, wakawa "Older people" badala ya "Aged", huku MeSH ikibaki na jina lile la zamani. Ni juu ya mkutubi kukumbuka ni nyumba gani inayosema nini.

Wiki ya 3, Jumatano

Pendekezo limetoka kwa msaidizi wa pili: kwa nini tusitafute kwa maneno ya kawaida ndani ya matini kamili za makala, ambamo hakuna kinachoweza kujificha? Ile makala ya kuteleza na kujikwaa ingepatikana, alisema, na ni kweli.

Nilimsimulia utafiti wa David Blair na M. E. Maron uliochapishwa mwaka 1985. Mawakili waliokuwa wakitayarisha kesi kubwa walikuwa na nyaraka zipatazo 40,000, kurasa kama 350,000, zote zikiwa katika mfumo wa kutafuta kwa maneno ndani ya matini kamili. Walitaka kupata angalau asilimia 75 ya nyaraka zilizohusika, na waliacha kutafuta walipoamini kwamba wamefika. Kwa wastani walikuwa wamepata kama asilimia 20. Sababu mojawapo ninaipenda kwa jinsi inavyofanana na yetu: ajali iliyokuwa kiini cha kesi haikuitwa ajali na kila aliyeandika kuihusu, wengine waliiita tukio, wengine tatizo. Walichokipata kilikuwa kizuri, na uzuri wake ndio uliowafanya wasihisi pengo.

Kwa swali letu kuna hasara nyingine, kwamba karibu kila makala ya tiba ina kitenzi cha kushuka au kuanguka mahali fulani ndani yake. Tumelikataa pendekezo kwa mapitio haya. Ningelikubali kama tungekuwa tunatafuta kitu chenye jina la pekee, kama kifaa fulani au kipimo fulani cha maabara, ambacho waandishi hukitaja katika sehemu ya mbinu na wala hakifiki katika ikisiri.

Wiki ya 3, Ijumaa

Mkakati wa PubMed umepelekwa kwa mkutubi mwenzangu aukague kwa kufuata mwongozo wa PRESS, ambao umetungwa kwa ajili ya kazi hii hasa. Amerudisha masahihisho matatu: kisawe kimoja kilichokosekana, mabano yaliyofungwa mahali pasipo pake, na swali juu ya ile barua fupi. Mabano yalikuwa yameifanya AND ifanye kazi kabla ya OR mahali ambapo nilitaka kinyume, nami nilikuwa nimeyasoma mara kumi bila kuyaona.

Swali juu ya barua lilichukua sehemu kubwa ya mchana. Ingepatikana kama tungeongeza "Postural Balance" katika dhana ya kuanguka. Nilijaribu, barua ikatokea, na pamoja nayo zikaja makala nyingi za wagonjwa wa kiharusi na wa Parkinson wanaofundishwa kusimama, ambazo kuanguka hakumo hata kwa mbali. Kila rekodi inayoongezeka lazima isomwe na watu wawili. Utimilifu na usahihi huvutana hivi daima, na katika mapitio ya kimfumo tunakubali kusoma takataka nyingi ili tusikose kitu, lakini si bila kikomo. Uamuzi wangu ni kukiacha kichwa hicho nje. Barua imetajwa katika marejeo ya makala mbili kati ya zile za kipimo, na upekuzi wa marejeo tulikwisha kuupanga. Itaingia kwa mlango huo, na ripoti itasema hivyo.

Zile mbili za taichi ziko ndani kwa maneno ya kawaida, kwa kuwa ikisiri zao zinataja kuanguka. Kama tungefuata jibu nililompa mtafiti mkuu Jumatatu ya kwanza, zingebaki nje.

Wiki ya 4, Jumanne

Maulizo yote matatu yameendeshwa leo kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Tarehe, idadi ya rekodi na ulizo zima, herufi kwa herufi, vimehifadhiwa kama PRISMA-S ya 2021, mwongozo wa kuripoti utafutaji, inavyotaka. Rekodi zilizojirudia zinaondolewa, na wasaidizi wanaanza kuchuja kesho.

Mtafiti mkuu ameomba sentensi moja ya kueleza njia tuliyotumia, kwa ajili ya sehemu ya mbinu. Nimemwandikia kwamba kila dhana ilitafutwa kwa vichwa vya mada vya hifadhidata husika na kwa maneno ya kawaida katika jina la makala na ikisiri, vikiunganishwa kwa OR. Akaniuliza kama sentensi hiyo haiwezi kufupishwa. Haiwezi.

Kwa kuwa uchujaji utachukua miezi kadhaa, nimeweka taarifa ya kila mwezi ya PubMed ituletee makala mpya kwa barua pepe. Nilitaka kwanza kuweka mkakati mzima, kisha nikaona kwamba kwa taarifa hiyo ile nusu ya mkakati yenye vichwa vya mada haitakuwa na kazi kubwa, maana makala za mwezi huo nyingi zitafika zikiwa bado hazijapewa kichwa. Nimezibakiza nusu zote mbili, na karibu na tarehe ya kufunga uchujaji nitaendesha tena ulizo zima, ili zile zitakazokuwa zimepewa vichwa baada ya kutupita nazo zionekane.